Roboti ndefu au fupi? Jinsi ya kupata kimo sahihi cha roboti ya mashindano kabla hujakata bomba la kwanza

Kila msimu ukifunguliwa swali ni lile lile: tuunde ndefu au fupi? Na kila msimu, wiki kadhaa baadaye, wanarudi wale wale. Huyu roboti yake inapinduka kila ikishika breki. Yule ana roboti tulivu kama jiwe, ila haifiki kwenye goli. Wa tatu roboti yake inafika na haipinduki, lakini imezidi njia ya chini kwa sentimita mbili.

Karibu wote walikosea mahali pamoja. Walichagua umbo siku ya kwanza kwa kulitazama kwa macho, kisha wiki zote zilizofuata wakawa wanalitetea. Kimo kinapaswa kuja mwishoni mwa hesabu. Ukifuata hatua hizi kwa mpangilio wake utaona zinakula siku mbili au tatu, na mara nyingi hutahitaji hata kupiga kura.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. "Fupi" hapa ni roboti inayopita kwenye nafasi ya chini kuliko zote uwanjani. "Ndefu" ni ile isiyopita. Katikati yake kuna inayojikunja, ambayo hupita ikiwa fupi kisha ikarefuka. Watu wengi wakishindwa kuamua hukimbilia hii ya tatu wakidhani wamepata vyote viwili bure. Haipatikani bure, na bei yake tutaiona.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kitabu cha kanuni cha msimu huu, toleo la mwisho, pamoja na masahihisho yaliyotolewa baadaye
- Michoro ya uwanja yenye vipimo
- Futi ya chuma
- Mizani mbili za kupimia watu na mmoja mdogo wa vitu vyepesi
- Maboksi, vijiti vya mbao, kamba na tepu ya karatasi
- Fremu ya zamani yenye magurudumu au kitoroli chochote
- Simu yenye saa ya sekunde na kipimapembe
- Karatasi kubwa ya kubandika ukutani

Programu ya kuchorea kwenye kompyuta si lazima kwa sasa. Nimeona timu zikichora roboti nzuri sana kwa wiki mbili, halafu boksi la kadibodi likazionyesha kwa dakika kumi kwamba haipiti.

## Hatua ya 1: Toa namba nne kwenye kanuni

Ya kwanza ni kimo kinachoruhusiwa mechi inapoanza. Ya pili ni kimo cha juu kabisa mechi ikiendelea. Ya tatu ni kiasi roboti inachoweza kutanuka kwenda pembeni. Ya nne ni uzito. Ziandike kubwa ukutani.

Watu huchanganya ya kwanza na ya pili. Kwenye FTC (FIRST Tech Challenge, mashindano ya wanafunzi ya roboti ndogo) roboti huanza ikiwa ndani ya mchemraba wa inchi 18, yaani karibu sm 46, lakini hilo ni sharti la mwanzo tu. Mambo ya kutanuka baada ya hapo hutegemea msimu. Kwenye FRC (FIRST Robotics Competition, ya roboti kubwa) kimo hubadilika kutoka mwaka hadi mwaka: 2016 roboti iliruhusiwa kufika inchi 54 (sm 137), na 2020 ikawa inchi 45 (sm 114).

Onyo: usibebe namba za mwaka jana kichwani. Angalia pia kimo kinapimwa kutoka wapi na katika hali gani. Waya wa redio uliosimama, bendera, ncha ya bolti, vyote vinahesabika isipokuwa kanuni iseme havihesabiki.

Utajua umefaulu ukimuuliza mwanafunzi yeyote wa timu, hata anayeshughulikia mabango, naye akakutajia namba zote nne bila kugeuka kutazama ukutani.

## Hatua ya 2: Chora uwanja kwa safu mbili, "kupita" na "kufikia"

Gawa karatasi katikati. Kushoto andika kila kitu ambacho roboti ingeweza kupita chini yake, na nafasi iliyopo. Kulia andika kila mahali pa kuweka, kurusha au kuning'inia, na kimo chake.

Michezo iliyopita inaonyesha safu hizi zinavyovutana. FRC ya 2016 ilikuwa na kizuizi cha chini chenye nafasi ya inchi 16 tu, takribani sm 41, na ndicho kizuizi pekee kilichokuwepo uwanjani kila mechi, vingine vilibadilishwa. Wakati huo huo, wakati wa kuendesha kwa mkono, goli la juu lilikuwa na pointi 5, la chini 2. Timu nyingi zilizofanya vizuri zililaza mtambo wa kurushia, zikapita, kisha zikauinua. Mwaka 2020 kulikuwa na njia yenye nafasi ya inchi 28 (sm 71) pembeni mwa uwanja. Mwaka 2018 hali ilikuwa kinyume: ilibidi kuweka maboksi kwenye sahani ya mizani iliyopanda na kushuka kati ya futi 4 na futi 6, na aliyetaka kutawala mizani ile hakuwa na budi kurefuka.

Sasa jiulize swali ambalo timu nyingi hulikwepa: njia hii ya chini ni ya lazima, ni ya mkato, au ni ya kupendeza tu? Ikiwa ni ya lazima, mjadala umekwisha, roboti itapita hapo. Ikiwa ni ya mkato, hesabu sekunde inazookoa. Ikiwa inapendeza tu, ifute.

### Nafasi ya sm 71 haitaki roboti ya sm 71

Hapa ndipo pana vilio. Kwenye sakafu tambarare mimi huacha sm 2.5 za usalama, na kama kuna mteremko au kizingiti, angalau mara mbili ya hapo. Chukua roboti ambayo magurudumu ya mbele na ya nyuma yameachana sm 50. Ya mbele yakipanda kizingiti cha sm 5, kitu kilichochomoza sm 10 mbele ya gurudumu hakipandi sm 5. Kinapanda sm 6, kwa sababu kiko mbali zaidi na mahali roboti inapojiinamia. Nusu ya roboti bado iko nje, mbele imeinuka, na boriti ya juu ya njia iko palepale.

Kwa hiyo kama njia ina mteremko, weka sehemu ndefu karibu na katikati ya magurudumu, si mbele wala nyuma kabisa. Kama haiwezekani, punguza kimo.

## Hatua ya 3: Badilisha pointi ziwe pointi kwa sekunde

Mechi ya FRC au FTC kwa kawaida huchukua kama dakika mbili na nusu, sehemu ambayo roboti hujiendesha yenyewe ikiwemo. Kimo kinanunuliwa kwa sekunde hizo.

Chukua FTC ya msimu wa 2022–2023. Nguzo za kuwekea koni zilikuwa na vimo vya inchi 13.5, 23.5 na 33.5, na wakati wa kuendesha kwa mkono zilitoa pointi 3, 4 na 5. Macho ya kila mtu yalikimbilia ya juu. Lakini tuseme roboti yako inamaliza mzunguko mmoja, yaani kuokota, kwenda, kuweka na kurudi, kwa sekunde 10 kwenye nguzo ya kati. Hizo ni pointi 0.4 kwa sekunde. Ili nguzo ya juu ilipe kiasi hicho hicho, mzunguko wake usizidi sekunde 12.5. Ukitumia 12, umefaidi kidogo. Ukitumia 13 kwa sababu lifti (mlingoti unaorefuka kwenda juu) inasuasua na dereva anasubiri iache kuyumba, umejenga roboti ndefu ili upate pointi pungufu.

Hesabu hii ifanye kwa kila kitu kilichoko safu ya kulia. Sekunde utazipata kwa miguu. Pima umbali wa uwanja, weka tepu sakafuni, mpe mwanafunzi kitoroli na mwingine saa. Anayesukuma kitoroli asimame pale roboti ingesimama, ahesabu kwa sauti "moja elfu, mbili elfu" wakati lifti ya kufikirika inapanda, kisha aondoke. Wataona aibu mara mbili za kwanza. Mara ya tatu wanaanza kubishana kwamba fulani anahesabu haraka mno, na hapo ndipo zoezi limeanza kufanya kazi.

Onyo: usitumie mwendo wa roboti bingwa uliyoiona kwenye video. Tumia mwendo wa roboti yenu ya mwaka jana. Kama hamjawahi kushindana, zidishe kila muda mliokadiria kwa mbili.

Utajua umefaulu ukiwa na orodha ya kazi zilizopangwa kwa pointi kwa sekunde, na angalau kazi moja iliyopendwa na wengi ikiwa imeshuka chini.

## Hatua ya 4: Jenga mbili za boksi

Tengeneza mwili wa kadibodi wa roboti fupi na wa roboti ndefu, kwa vipimo kamili, uviweke kwa zamu juu ya kitoroli. Jenga pia njia ya chini kwa vijiti na kamba. Saa moja inatosha.

Kisha mweke dereva mahali atakaposimama siku ya mechi, umbali ule ule, urefu wa macho ule ule. Sukuma roboti ya boksi hadi mwisho wa uwanja na umuulize anaona nini.

Roboti ndefu yenye mbavu pana huficha kitu kinachookotwa nyuma yake. Roboti fupi nayo humezwa na vifaa vya uwanja. Dereva anaona ncha tu au haoni kabisa. Kamera nayo ina mambo yake: ikiwa chini hufunikwa na roboti nyingine, na ikiwekwa juu ya lifti husogea pamoja na lifti na kuharibu hesabu zote za programu. Roboti inayorusha kutoka chini huzibwa na mlinzi mrefu, yaani roboti ya wapinzani inayosimama mbele yake. Hakuna hata kimoja kati ya haya kinachoonekana kwenye mchoro.

## Hatua ya 5: Tafuta kitovu cha uzito

Ukiwa na muda wa kufanya hatua moja tu, fanya hii. Roboti haipinduki kwa sababu ni ndefu. Inapinduka kwa sababu kitovu chake cha uzito, yaani mahali pa katikati ya uzito wake wote, kiko juu mno ukilinganisha na upana wa miguu yake. Nguzo ya kilo moja yenye urefu wa mita moja na nusu haina hatia kabisa. Mota nne zilizofungwa katikati ya nguzo hiyo ndizo zenye kesi.

Orodhesha kila sehemu, uzito wake, na kimo cha katikati yake kutoka sakafuni. Zidisha uzito kwa kimo, jumlisha, kisha gawanya kwa uzito wote. Huu hapa mfano wa roboti ya kilo 45 yenye lifti, ikiwa imekunjwa:

- Fremu, magurudumu na mota zake: kilo 18, kimo sm 9 = 162
- Betri: kilo 6, sm 10 = 60
- Vifaa vya umeme: kilo 5, sm 15 = 75
- Rola za kuokotea: kilo 4, sm 25 = 100
- Mlingoti wa lifti: kilo 9, sm 55 = 495
- Kishikio: kilo 3, sm 60 = 180

Jumla ni 1072. Gawanya kwa 45, unapata sm 23.8. Inapendeza.

Sasa inua lifti. Katikati ya mlingoti inapanda hadi sm 85, kishikio kinafika sm 150. Jumla inakuwa 1612, na kitovu kinaruka hadi sm 35.8.

### Namba ya kupinduka

Pima umbali wa usawa kutoka kitovu cha uzito hadi mahali gurudumu la mwisho linapogusa sakafu. Tuuite d. Kimo cha kitovu tukiite h. Gawanya d kwa h.

Kama d ni sm 30, roboti yetu ikiwa imekunjwa ina 1.26. Ikiwa imeinuka ina 0.84.

Namba hiyo inakuambia roboti inaweza kubadili mwendo kwa nguvu kiasi gani kabla gurudumu la upande wa pili halijanyanyuka, ukilinganisha na mvutano wa dunia. Magurudumu ya mpira kwenye zulia hung'ang'ania kwa kiasi cha 1 hivi, mengine zaidi. Sasa linganisha. Ikiwa imekunjwa, 1.26 ni kubwa kuliko mshiko wa tairi, kwa hiyo dereva akifunga breki ghafla tairi zitateleza kwanza na roboti itabaki imesimama. Ikiwa imeinuka, 0.84 ni ndogo. Tairi hazitateleza. Zitashika vizuri sana, na roboti itakwenda kifudifudi.

Nimeliona hili kwa macho yangu, na roboti ilikuwa yetu. Nusu fainali, lifti iko juu, kijana wetu kaachia kijiti cha kuendeshea kama alivyoachia mara mia mazoezini. Roboti ilisimama papo hapo, ikainama taratibu mno, ikafika mahali ikawa kama inafikiria, halafu ikalala. Zilikuwa zimebaki sekunde arobaini. Hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Magurudumu ya nyuma yalibaki hewani, na dereva wetu akawa anasema tu, "Mwalimu, nimeachia. Nimeachia tu."

Alikuwa anasema kweli. Mota ziliwekwa kwenye hali ya kujifunga pale kijiti kinapoachiwa. Mazoezini tulikuwa tukikimbia lifti ikiwa chini.

### Kushusha kitovu

Silika ya kwanza ni kuongeza chuma chini. Jaribu kwenye hesabu kwanza. Ukiongeza kilo 2 kwenye kimo cha sm 5, kitovu cha roboti iliyoinuka kinashuka kutoka sm 35.8 hadi 34.5, yaani sm 1.3. Ukitoa kilo 1 kwenye kishikio kinachofika sm 150, kinashuka hadi 33.2, yaani sm 2.6. Kilo moja iliyotolewa juu imefanya kazi mara mbili ya kilo mbili zilizoongezwa chini, na umebaki na nafasi kwenye kikomo cha uzito.

Kwa hiyo hamisha mota kutoka juu, ziweke chini, upeleke nguvu juu kwa kamba au mnyororo. Toboa bamba. Tumia plastiki mahali pasipobeba kitu. Betri ya FRC ina karibu kilo 6. Isikae juu ya chochote isipokuwa sakafu ya fremu.

Onyo: fanya hesabu ya pembeni pia. Roboti nyembamba husimama vizuri mbele na nyuma, halafu hupinduliwa ubavuni na mlinzi aliyekuja kwa kasi.

Utajua umefaulu ikiwa namba ya roboti iliyokunjwa iko juu ya 1.2 pande zote nne. Iliyoinuka ikiwa chini ya 1, bado inajengeka, lakini sasa unajua programu itabidi imzuie dereva. Ikiwa chini ya 0.6, rudi kwenye karatasi.

## Hatua ya 6: Linganisha maumbo, ukijua kila moja linadai nini

Fupi isiyobadilika. Nyepesi, ya haraka, rahisi kutengeneza ikiharibika. Inafaa pale kitu kinaporushwa au pale kazi zenye faida ziko chini. Timu changa yenye watu watano ningeisukuma huku kila mara, isipokuwa hesabu ya hatua ya 3 ikatae kabisa.

Ndefu isiyobadilika. Watu huidharau bure. Ikiwa uwanja hauna njia ya chini yenye maana, mlingoti mwepesi uliosimama muda wote hauna sensa (kihisio) ya kuharibika wala hatua ya kusubiri.

Lifti. Hupanda wima, kwa hiyo kitovu hakiendi mbele. Inadai reli zilizonyooka kweli kweli na kamba zinazopimwa kila baada ya mechi. Reli ikipinda milimita chache, lifti hukwama ikiwa juu, mahali pabaya kuliko pote.

Mkono unaozunguka. Una sehemu chache, na hujikunja vizuri. Lakini ukiongeza urefu maradufu, nguvu ya kuuzungusha huongezeka maradufu na ugumu wa kuusimamisha huongezeka mara nne, kwa mzigo ule ule uliopo nchani. Mkono wa mita 1 wenye kilo 3 mwishoni unahitaji takribani nyutoni-mita 30 ili tu ukae sawa na sakafu bila kushuka. Na ukiwa umenyooka mbele, d inapungua upande huo huo unaotaka kuangukia.

Kuna jambo dogo linalowashangaza wengi kwenye roboti za magurudumu sita. Kwa kawaida magurudumu ya katikati hushushwa milimita 3 hivi ili roboti igeuke kwa urahisi. Maana yake roboti huinama kidogo mbele au nyuma. Katikati hadi mwisho pakiwa na sm 30, milimita 3 hizo huwa sm 1.5 kwa kishikio kilichoko sm 150, kila upande. Sm 3 za kuyumba kwa jumla. Kama unaweka kitu kwenye tundu lenye nafasi ya sm 2, umeshaona tatizo.

Sasa bei ya kujikunja niliyoahidi. Roboti inayojikunja inahitaji kujua iko katika hali gani kila wakati. Inahitaji sensa, kinga ya programu, na dereva asiyesahau. Swali la kuuliza ni moja: ikikwama ikiwa juu, mechi yetu imeisha? Kama jibu ni ndiyo, weka springi au kamba ya mpira inayoirudisha chini yenyewe umeme ukikatika, au kubali hatari hiyo ukijua.

## Hatua ya 7: Amua, andika sentensi moja

Andika hivi: "Tunajenga roboti ya kimo cha sm __ ikiwa imekunjwa na sm __ ikiwa imeinuka, kwa sababu __, na tumekubali kupoteza __."

Nafasi ya mwisho isipojazika, hamjaamua. Kila kimo kinapoteza kitu. Bandika sentensi hiyo mlangoni. Atakayetaka kuibadilisha aje na namba mpya, si video mpya.

## Hatua ya 8: Pima roboti halisi, usiamini makaratasi

Roboti ikisimama, weka mizani moja chini ya magurudumu ya mbele na nyingine chini ya ya nyuma, fremu ikiwa sawa na sakafu. Kama ni ya magurudumu sita, hakikisha ya katikati hayagusi chochote. Tuseme mbele inasoma kilo 24 na nyuma 21, magurudumu ya mwisho yakiwa yameachana sm 60. Gawanya 21 kwa 45, zidisha kwa 60: kitovu kiko sm 28 kutoka magurudumu ya mbele, si 30 kama tulivyodhani.

Kisha kimo chake. Zima swichi kuu, acha betri ndani na uifunge vizuri. Watu wawili waiinamishe roboti taratibu juu ya magurudumu ya mbele hadi wahisi haina uzito mikononi, haitaki kurudi wala kuendelea. Mtu wa tatu asome pembe kwenye simu iliyolazwa juu ya fremu. Gawanya d kwa tanjenti ya pembe hiyo, kisha ongeza nusu ya kipenyo cha gurudumu, kwa sababu roboti inajiinamia kwenye ekseli, si sakafuni. Ikisimama kwenye nyuzi 54, basi 28 gawanya kwa 1.38 ni sm 20, na kwa gurudumu la kipenyo cha sm 10 jumla ni sm 25. Makaratasi yalisema 23.8. Tofauti ni nyaya, bolti na mabano ambayo hakuna aliyeyahesabu, na karibu kila mara huwa juu.

Onyo: vidole visikae kati ya fremu na sakafu, na lifti ifungwe kwa kamba isiteremke. Usifanye zoezi hili mkiwa wawili.

### Mpe programu namba hizo

Watu hupunguza kasi ya juu roboti ikiwa imeinuka, wakaona wamemaliza. Kasi haipindui. Kinachopindua ni kubadilika kwa kasi. Weka kikomo cha mchapuko, kwenye kuondoka na kwenye kusimama, kinachoshuka kadiri lifti inavyopanda. Mimi huanza na asilimia 65 ya namba ya kupinduka. Kwa d ya sm 28 na h ya sm 36, namba ni 0.78, na kikomo kinakuwa nusu ya mvutano wa dunia hivi, kama mita 5 kwa sekunde kwa kila sekunde. Kiwekwe hata pale dereva anapoachia kijiti. Hasa pale.

Kisha mwombe dereva ajaribu kuiangusha. Lifti juu, kasi yote mbele, aachie. Kasi yote mbele, ageuze nyuma. Aende akizunguka, asimame. Watu wawili wakimbie pembeni wakiwa na kamba iliyofungwa juu ya mlingoti, ikiwa imelegea.

Utajua umefaulu ikiwa kamba haikukazika hata mara moja katika majaribio ishirini, na dereva analalamika kwamba roboti imekuwa nzito. Mpe siku mbili ataizoea. Akizidi kulalamika, mwonyeshe roboti iliyoanguka.

## Kijiti

Kata kijiti cha mbao chenye urefu wa nafasi ya njia ya chini ukitoa sm 2. Kipake rangi kali kisipotee. Kabla ya kila mechi, roboti ikiwa imekunjwa na betri imo, mtu mmoja akisimamishe karibu na roboti, alaze rula juu yake na kuipitisha pande zote nne.

Mabano hulegea. Waya hufungwa upya haraka kati ya mechi na kuachwa umechomoza. Tairi mpya huinua roboti milimita tatu. Kazi ya kijiti mpe mtu mmoja tu, siku nzima, na asiwe dereva.